Kipandauso Kinapofuata Upande wa Mama

Akina mama wapendwa, wengi wetu tunakijua kipandauso. Kichwa kinagonga upande mmoja, mwanga unachoma macho, kelele za watoto hazivumiliki, na tumbo linachafuka hata kutapika. Baada ya saa kadhaa, au siku mbili tatu, maumivu huisha na mama hurudia kazi zake. Kwa walio wengi ni mateso tu, wala hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Mwezi huu tuwatazame wale wachache ambao kwao kipandauso ni dalili ya ugonjwa wa mitokondria.

Mitokondria ni nini?

Ni vitu vidogo sana vilivyomo ndani ya seli za mwili. Tuvifananishe na meko: chakula tulacho na hewa tuvutayo hukutana humo na kutoa nguvu. Meko hayo yakififia, viungo vinavyotumia nguvu nyingi ndivyo huumia kwanza, yaani ubongo, misuli, moyo, macho na masikio. Kwa sababu hiyo wagonjwa hawa hupata kipandauso mara nyingi kuliko watu wengine.

Aina moja inayojulikana sana ilipewa jina la MELAS mwaka 1984, na mwaka 1990 wataalamu wa Japani waligundua kasoro ya urithi inayoisababisha mara nyingi. Mtoto au kijana huanza kuumwa kichwa na kutapika mara kwa mara. Baadaye aweza kupata degedege, kupofuka kwa muda au kulegea upande mmoja kama mwenye kiharusi.

Si kosa la mama

Mitokondria zina jeni zake 37, na mtoto huzipata kwa mama peke yake. Ndiyo maana katika ukoo mmoja utasikia bibi alikuwa kiziwi uzeeni, mama mdogo ana kisukari, mama anaumwa kichwa, na mtoto ndiye aliyezidiwa. Kila mmoja hupata kiasi tofauti cha mitokondria zenye kasoro, hivyo hata ndugu wa tumbo moja hawafanani.

Hapo maneno huanza: "Ameleta ugonjwa katika ukoo wetu." Dada mpendwa, usiyabebe maneno hayo. Hakuna ulichokula wala ulichofanya ukiwa mjamzito kilicholeta kasoro hii, na hakuna aliyekuloga. Hukuchagua damu uliyozaliwa nayo. Tena ziko aina nyingine za ugonjwa huu zinazotokana na jeni za wazazi wote wawili. Mume mwenye busara atamtetea mkewe mbele ya ndugu zake.

Mweleze daktari

Maumivu ya kichwa peke yake yasikutie hofu. Lakini mwone daktari kama yanaambatana na misuli kuchoka upesi, masikio kupungua nguvu, kope kulegea, kisukari, au mtoto kutokua vizuri. Mtajie na magonjwa ya upande wa mama yako, kwani asipoambiwa hawezi kuyajua.

Dawa iitwayo valproeti, inayotumika kwa kifafa na pia kuzuia kipandauso, yaweza kuharibu ini vibaya kwa baadhi ya wagonjwa wa mitokondria. Uliza kabla ya kuianza. Kama mgonjwa anaitumia tayari, usiikatishe ghafla, bali nenda kwa daktari upesi.

Degedege, macho kutoona ghafla, kuchanganyikiwa au kulegea upande mmoja si mambo ya kusubiri asubuhi. Mkimbize mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo.

Matunzo ya nyumbani

Ugonjwa huu haujapatiwa dawa ya kuuponya, lakini matunzo mazuri husaidia sana:

- Mgonjwa asikae na njaa. Ale kidogo kidogo, anywe maji ya kutosha, na asikose usingizi.
- Asifunge chakula kwa ajili ya maombi kabla ya kuzungumza na daktari. Anaweza kuomba bila kufunga.
- Homa, kuharisha na kutapika vitibiwe mapema, kwani huumaliza mwili nguvu.
- Maumivu yanapoanza, alale mahali penye giza na utulivu, anywe dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Dawa za kawaida za maumivu zikitumiwa siku 15 au zaidi kila mwezi, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa.
- Weka daftari. Andika tarehe, saa, alichokula, alivyolala na dalili alizopata.

Daftari hilo mpeleke nalo kliniki. Na mtoto akisema kichwa kinamuuma, usiharakishe kusema anakwepa shule au kazi. Msikilize kwanza.