Tarakilishi Ndogo Chini ya Runinga: Tusiwaachie Mafundi Peke Yao

Tunapozungumzia ustawi wa Kiswahili katika zama za teknolojia, aghalabu macho yetu huelekea mbali: kwenye mabaraza, kamusi, vyuo vikuu na kampuni kubwa za ng'ambo. Ni nadra sana kwa mwanafunzi wa Kiswahili kuitazama rafu iliyo chini ya runinga ya nyumbani kwao. Makala haya yanaitazama. Dai langu ni kwamba tarakilishi ndogo ya mezani iliyostaafu afisini, ikigeuzwa kuwa maktaba ya sauti na picha ya nyumba, yaweza kukitumikia Kiswahili kuliko warsha nyingi tunazohudhuria. Ila haitafanya hivyo ikiwa kazi yote tutawaachia mafundi.

Nauchukua mfano wa Ainabkoi, katika kaunti ya Uasin Gishu. Hizi ni nyanda za viazi, ngano, maziwa na baridi. Reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 ilipitia huko baada ya kukikwea kilele cha karibu na Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya namna hiyo huwaingiza watu ndani mapema, na ndani mna runinga. Wanaoketi mbele yake si wa lugha moja. Nyumba hii ni ya Wakalenjin, ile ya Wakikuyu, nyingine ya Waluhya. Na jirani anapobisha hodi, lugha inayobaki ya kusikilizwa kwa pamoja ni Kiswahili. Baada ya yaliyotokea viungani mwa Eldoret mwanzoni mwa mwaka 2008, sidhani kwamba hilo ni jambo la kupuuzwa.

Je, jamaa hao hujichagulia wanachokitazama? Kwa kiasi kidogo mno. Mnamo Februari 2015, katika mvutano wa kuhamia matangazo ya dijitali, vituo vikubwa vya runinga vya kibinafsi vilitoweka hewani. Tarehe 30 Januari 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha katika bustani ya Uhuru, serikali ilizima matangazo ya Citizen, NTV na KTN, na giza hilo likadumu kwa siku kadhaa. Katika visa vyote viwili mwananchi alibaki na kioo kizuri kisicho na la kuonyesha. Walioweza kukimbilia intaneti walinunua bando, na kila mmoja wetu anajua jinsi video inavyolila bando.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida, na Windows 11 rasmi haivikubali vichakataji vingi vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane. Kwa sababu hiyo, tarakilishi zilizotumiwa maafisini kwa miaka michache, mathalani OptiPlex Micro za Dell, EliteDesk Mini za HP na ThinkCentre Tiny za Lenovo, zimehesabiwa kuwa za kale ilhali afya yao ni njema. Ukubwa wake ni kama wa kamusi nene. Ikiwa haijapewa kazi nzito, mashine ya aina hii hutumia takriban wati 10 hadi 15 za umeme. Kwa saa 6 kila jioni, hesabu haifiki hata yuniti 3 kwa mwezi. Balbu moja ya kizamani hutumia zaidi ya hizo.

Programu ya kuigeuza haiuzwi. Ilianza mwaka 2002 kama kichezeshi cha video cha mashine ya michezo ya Xbox, ikajulikana kwa jina XBMC, na mwaka 2014 ikabatizwa Kodi. (Ajabu iliyoje kwa sikio la Mswahili: kitu kisicholipiwa hata senti kuitwa Kodi!) Iko pia LibreELEC, mfumo endeshi mdogo wa jamii ya Linux ulioanza mwaka 2016, ambao kazi yake ni moja tu, kuiendesha Kodi. Mtu huunakili kwenye diski mweko ya USB, akaichomeka, akaiwasha tarakilishi kupitia hapo na kufuata maelekezo. Atahadhari tu kwamba usakinishaji huo hufuta kila kilichomo kwenye diski kuu. Kwa upande wangu naona ni heri kusakinisha Linux Mint kisha kuiweka Kodi juu yake, kwa kuwa tutahitaji mashine hiyo hiyo kwa kazi nyingine nitakayoieleza baadaye kidogo.

Penye mtego ni kwenye waya. Runinga nyingi zina mlango wa HDMI, lakini tarakilishi nyingi za afisini zina DisplayPort na VGA. Adapta ya kutoka DisplayPort hadi HDMI hupitisha picha na sauti pamoja. VGA hupitisha picha pekee, na huwafanya watu wengi kudhani kwamba mashine imeharibika kwa kuwa bubu. Pia anayenunua aulizie kizazi cha kichakataji. Kile cha sita cha Intel, kilichotoka mwaka 2015, huweza kufumbua video nyingi za mfumo wa H.265 bila kuhema. Vya nyuma yake huhangaika na mfumo huo, ingawa video za H.264 havishindwi nazo. Rimoti haina haja ya kununuliwa: simu yenye programu ya Kore huiongoza Kodi kupitia Wi-Fi ya nyumbani, pasipo bando lolote.

Hayo ya waya fundi yeyote wa Eldoret atayamaliza kwa alasiri moja. Swali linalotuhusu sisi ni hili: ndani ya maktaba hiyo mtatiwa nini?

Jibu la haraka ni filamu za kutoka kwenye duka la video, zilizonakiliwa bila idhini ya wenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ipo, na hata isingekuwapo, ni aibu kwa watu wanaosomea fasihi kuwadhulumu watunzi. Lakini zaidi ya uharamu, jibu hilo ni la kimaskini. Mashine inayoweza kuhifadhi sauti za ukoo mzima hugeuzwa ghala la risasi na magari yanayolipuka.

Tukumbuke ni vingapi vimetupita. Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" redioni mwaka 1966, na vizazi kadhaa vya Wakenya vikajifunza adabu na Kiswahili sanifu kutoka kinywani mwake. Aliaga dunia Februari 2025. Benson Wanjau, yule Mzee Ojwang' wa "Vitimbi", alitutoka Julai 2015. Ni nyumba ngapi, kati ya zote zilizocheka naye, zenye hata kipindi kimoja kwenye kaseti? Tuliwasikiliza kana kwamba wangesema milele.

Mfano wa jirani zetu Wakipsigis unauma zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa wasichana wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Sauti hiyo ilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, na nakala zikarejeshwa kwa wenyewe baada ya zaidi ya miaka 60. Ni vyema kwamba zilihifadhiwa. Hata hivyo, waliobaki Kenya walizeeka bila kuzisikia sauti zao za ujanani.

Leo mjukuu yeyote wa Ainabkoi ana kinasa sauti mfukoni. Humnasa nyanyake akitamba ngano, au babu akieleza jinsi treni ilivyokuwa ikisimama stesheni, na rekodi ikabaki kwenye simu hadi simu ianguke majini au iibiwe kwenye matatu. Hapo ndipo tarakilishi ya sebuleni inapopata maana: mwisho wa kila juma rekodi zihamishwe humo. Na kaseti za zamani zinazokaribia kuoza nazo zinaswe, na hii ndiyo kazi niliyoiahidi. Kinachotakikana ni redio ya kaseti inayofanya kazi, waya, na programu huria ya Audacity. Kwa kuwa tundu la sauti la tarakilishi hizi aghalabu ni la maikrofoni, ni bora kutumia kadi ya nje ya sauti ya USB yenye mlango wa kupokea sauti ya stereo. Kaseti ya dakika 60 huchukua dakika 60, hakuna njia ya mkato, na faili yake isiyobanwa huwa na megabaiti 600 na ushei. Diski ya gigabaiti 500 hutosha kaseti zaidi ya 700. Sijui ukoo wenye kaseti nyingi kiasi hicho.

Ikiwa pana kipokezi cha USB cha mawimbi ya DVB-T2, ambao ndio mfumo wa dijitali unaotumika Kenya, na kiwe cha aina inayotambuliwa na Linux, nyumba itaweza hata kunasa vipindi visivyolipiwa na kuvitazama wanafamilia wakishamaliza kukamua.

Ndipo tunapofikia kazi isiyoweza kufanywa na fundi. Ukiiwekea Kodi filamu ya Hollywood, huitafuta kwenye hifadhidata za intaneti na kuleta jina, picha, mwaka, waigizaji na muhtasari. Ukiiwekea sauti ya nyanya, haileti chochote. Huonyesha jina la faili lililotungwa na simu: tarakimu tupu za tarehe na saa. Baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka ni nani anayesema wala anasema nini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nao hawakuwa wameiona diski yenye faili 3,000 zisizo na majina.

Kodi huruhusu kila filamu au video iambatanishwe na faili ndogo ya maelezo, yenye kiambishi cha nfo, inayoandikwa na mwenye nyumba kwa lugha aitakayo. Sauti ya nyanya ikigeuzwa video yenye picha yake, nayo hupata daftari lake. Hapo ndipo mwanafunzi wa fasihi simulizi anapoitwa. Nani mtambaji? Alitambia wapi, lini, mbele ya hadhira ipi? Hii ni ngano, ni kisasili au ni mighani? Kama imetambwa kwa Kikalenjin au Kikuyu, muhtasari wake wa Kiswahili ni upi, ili jirani naye aelewe? Maswali haya tunayajibu kila muhula katika mitihani kuhusu masimulizi ya watu tusiowajua. Sioni sababu ya kutoyajibu kuhusu nyanya zetu wenyewe.

Na chombo hiki tukiiteje? Nimewasikia wakikiita "kituo cha habari", jina linalomfanya msikilizaji atarajie taarifa ya saa moja. "Kituo cha burudani" kinakidogosha. Napendekeza "maktaba ya sauti na picha". Najua kwamba maktaba kwa asili yake ya Kiarabu inahusiana na kuandika, na atatokea mjuzi wa kupinga. Lakini neno hilo limekwisha kupanuka vinywani mwa watu. Ugomvi wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta ulitufunza kwamba wazungumzaji hawamsubiri mtaalamu.

Wapo watakaosema kwamba kisanduku cha Android au runinga yenye intaneti hutosha. Kwa mwenye intaneti ya kebo isiyokatika na asiye na lake la kuhifadhi, kweli hutosha, na sitabishana naye. Wengine watataja umeme, na hao wana hoja: umeme ukikatika ghafla huweza kuziharibu faili, na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Asiyeweza kununua betri ya akiba atumie kipakatalishi kilichovunjika kioo, kwani hicho kina betri yake tumboni.

Chama chetu hakihitaji ruzuku ili kuanza. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihusika katika kuileta OpenOffice kwa Kiswahili chini ya jina Jambo OpenOffice, na Kodi nayo hutafsiriwa na watu wa kujitolea. Kikundi cha wanachama watano kinaweza kutayarisha kiolezo kimoja cha maelezo ya Kiswahili, chenye istilahi zinazokubalika za tanzu za fasihi simulizi, na kila anayekwenda likizo akaenda nacho nyumbani. Jambo moja lisisahaulike: diski hufa, tena bila kuaga. Nakala ya pili isikae nyumba moja na ya kwanza. Kama ya kwanza iko Ainabkoi, ya pili ikae kwa shangazi Kapsoya, na kila likizo mtu apite na diski kuzioanisha. Gharama yake ni diski moja na nauli ya matatu.