Tulipime Gari Kabla Halijatupima Sisi



Mauzo ya tumbaku yakiisha na fedha zikalipwa, hapa Sikonge huanza msimu mwingine usiomo katika kalenda ya kilimo, nao ni msimu wa kutamani magari. Baba aliyekwenda Tabora kununua mabati anarudi na picha ya gari ndani ya simu. Anaionyesha mezani, watoto wanamzunguka, na mama anaendelea kupakua ugali huku moyo unamdunda.

Gari linalotajwa zaidi ni Toyota Mark X. Ni gari dogo la kifahari, limelala chini, viti vyake ni kama vya sebuleni, na mlango ukifungwa kelele za nje hukatika. Hatutawadanganya: ni gari zuri, na sisi wenyewe, baba na mama wa nyumba hii, tulilitamani. Mwezi huu tungependa kuwaeleza jinsi tulivyolipima. Kabla ya hapo tuliwahi kununua gari bila kulipima, na aliyelipa gharama hakuwa baba wala mama. Alikuwa binti yetu.

Kosa letu la kwanza

Gari letu la kwanza tulilinunua kwa macho. Rangi iling'aa, redio ilipiga vizuri, na muuzaji alikuwa mcheshi. Hatukumwita fundi kwa sababu tuliona aibu kumpekua mtu mwema. Wiki ya tano injini ilichemka njiani tukitoka Tabora. Fundi alipofungua alituonyesha kichwa cha injini kilichopinda, tena kilichokuwa kimekwisha kuchongwa zamani. Fedha za kutengeneza zilitoka wapi? Zilitoka kwenye ada ya binti yetu aliyekuwa chuo cha uuguzi. Alirudishwa nyumbani muhula ule akakaa wiki tatu, na kila asubuhi alifagia uwanja akilizunguka gari lile lililoinuliwa juu ya matofali. Hakutulaumu hata siku moja. Kimya chake kilitutosha.

Ndiyo maana mara ya pili, fedha zilipopatikana kutokana na tumbaku, asali na cherehani ya mama, tuliambizana: safari hii tukae chini kwanza.

Hapa ni nchi ya wapagazi. Mababu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya misafara kati ya Tabora na pwani, kila mtu na mzigo wa kilo kama 30 begani. Msafara wa Burton ulitoka pwani Juni 1857, ukafika Kaze, ndiyo Tabora, mwezi wa Novemba. Katika safari ya miezi mitano mpagazi hakuuchagua mzigo kwa uzuri wa kamba yake. Aliuinua kwanza, akaupima begani. Gari nalo ni mzigo wa namna hiyo. Bei ya kununua ni kuliinua tu. Safari yenyewe inakuja baadaye.

Gari jipya ni lipi?

Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa sababu neno "jipya" lina maana tatu.

Kwanza kuna gari jipya kweli, lisilowahi kuendeshwa na mtu, linalonunuliwa kwa wakala wa kiwanda Dar es Salaam. Halina historia ya kuficha, nalo lina dhamana. Lakini thamani yake hushuka kwa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo, na ili dhamana isife ni lazima matengenezo yafuate masharti ya wakala. Kutoka Sikonge hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Na mkitaka Mark X ya namna hiyo, haipo tena. Toyota ilianza kuitengeneza Novemba 2004, ikatoa toleo la pili Oktoba 2009, na ikaacha Desemba 2019.

Pili kuna gari lililotumika Japani, ambalo sisi huliita jipya kwa sababu limetoka bandarini na namba yake ni mpya. Akina mama, namba isiwadanganye. Herufi ile ya kwanza baada ya tarakimu, iwe C, D au E, inaonyesha gari liliandikishwa hapa nchini wakati gani. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la 2006 linaweza kupewa namba ya juzi.

Tatu kuna gari lililokwisha kutumika hapahapa nchini. Bei yake huwa nafuu na kodi ya kuliingiza ilikwisha kulipwa, ila limeonja mashimo yetu na mikono ya mafundi wetu, wazuri na wabaya.

Hesabu ya bandarini

Baba akisema, "Mama, Japani gari hili ni milioni nane tu," msibishane. Leteni kalamu. Kwa miaka mingi mpangilio wa kodi umekuwa hivi: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, nayo Mark X ndogo ina 2,500, ushuru wa uchakavu asilimia 30 kwa gari lenye zaidi ya miaka 10, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla yote.

Tuseme TRA imelithamini gari, pamoja na meli na bima, kwa shilingi milioni 8. Forodha ni milioni 2, tunafika 10. Ushuru wa bidhaa ni milioni 1 na wa uchakavu ni milioni 3, tunafika 14. VAT ni milioni 2 na laki 5 na elfu 20. Kodi peke yake ni milioni 8.52, yaani imepita thamani ya gari, na bado hatujahesabu tozo ndogondogo, wakala wa kutoa mzigo bandarini, wala mafuta ya kulileta Tabora. Viwango hubadilika na bajeti, na thamani inayotumika ni ile ya TRA, si ile mliyopatana na muuzaji. TRA wana kikokotoo chao cha magari yaliyotumika. Kitazameni kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Tulivyolipima lile la Tabora

Sisi tuliangukia kwenye aina ya tatu. Muuzaji mmoja mjini Tabora alikuwa na Mark X ya 2006, nyeusi, namba D, akitaka milioni 15. Safari hii tulikwenda na fundi, rafiki wa baba, na tulimlipa kwa siku yake ili asijione anatufanyia hisani. Tulifika asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi.

Alichofanya fundi kila mama anaweza kukishika kichwani:

1. Alisoma namba ya chesisi kwenye bodi akailinganisha na kadi, kisha jina la kwenye kadi na kitambulisho cha muuzaji.

2. Alifungua kifuniko cha oili. Ute mweupe kama maziwa ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye oili.

3. Aliwasha injini akasimama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani.

4. Alitazama tarakimu nne za mwisho za tarehe ya tairi. Tairi iliyoandikwa 1716 ilitengenezwa wiki ya 17 ya mwaka 2016. Kashata nzuri haimaanishi tairi changa, maana mpira huzeeka hata ukiwa umekaa.

5. Aliingia chini ya gari, akatazama sampo, bushi na shokapu, akitafuta oili inayovuja na vyuma vilivyochomelewa.

6. Aliliendesha, akisikiliza giaboksi kama inachelewa kuingia au inapiga teke.

Jambo la saba ndilo lililotushtua. Fundi alifungua swichi bila kuwasha injini, akatuita. "Shemeji, tazama hapa. Taa zote za dashibodi zinatakiwa ziwake kwanza, ndipo zizimike. Taa ya injini iko wapi?" Haikuwaka kabisa. Mtu alikuwa ameiua ili isiseme. Alipochomeka mashine yake ya kupimia, orodha ya makosa ilikuja ndefu.

Alitueleza pia kwamba injini ya gari hili hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ni ufundi mzuri wa kuongeza nguvu. Lakini kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa ili kuziosha, masizi hujijenga hapo. Injini huanza kutetemeka ikiwa imesimama, na kuisafisha kunataka fundi anayeijua. Giaboksi yake ya gia sita nayo inataka oili yake maalumu, si yoyote iliyoko dukani. Hayo si makosa ya gari. Ni masharti yake, kama mgeni asiyekula kila chakula.

Tuliandika safari zetu

Hatukulinunua lile. Lakini baba bado aliitaka Mark X nyingine, na tulikubaliana jambo dogo: kwa mwezi mzima tuandike kwenye daftari kila safari ya nyumba hii.

Mwezi ulipoisha daftari lilisema lenyewe. Tabora tulikwenda mara mbili, kilomita kama 70 kwenda na 70 kurudi, lami tupu. Shambani na kwenye mizinga tulikwenda mara 11, kwa njia za vumbi zinazogeuka tope masika. Mark X ina nafasi ya sentimita kama 15 tu kutoka chini, na nguvu yake, kwa nyingi ya zile zinazoletwa huku, iko magurudumu ya nyuma. Kwenye tope hilo si gari, ni kiti cha kukalia ukisubiri trekta.

Kisha tukahesabu mafuta. Wenye Mark X tuliowauliza walitutajia kilomita 8 hadi 10 kwa lita. Kwa safari moja ya Tabora na kurudi hiyo ni lita 14 hadi 18. Gari dogo la injini ya 1,500 lingekula kama 10 hadi 12. Tukaweka bima, matairi manne, na oili. Chini kabisa tukaandika ada ya muhula, na baba mwenyewe ndiye aliyeiandika.

Hatusemi kila nyumba iikatae Mark X. Jirani yetu anafanya kazi Tabora, hupita lami kila siku, na hutengeneza gari lake kwa wakati. Linamtumikia vizuri, nasi hutupa lifti. Daftari lake lingesema mengine. Kila nyumba isome daftari lake.

Neno kuhusu kadi

Mama, siku ya kununua, uwe pale. Hakikisheni umiliki unahamishwa TRA, na ulizeni kama gari lina faini za barabarani zisizolipwa au limewekwa rehani. Na uhifadhi stakabadhi za mchango wako. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaichukulia mali iliyo kwa jina la mmoja wa wanandoa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni kweli kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Hata hivyo karatasi iliyotunzwa haimtukani mume. Inawalinda wote wawili, na watoto pia, siku ambayo mmoja hayupo kueleza.

Tulivyomaliza

Tulinunua Corolla ya zamani, injini ya 1,500, rangi imepauka mlango mmoja. Fundi aliipekua kwa saa tatu na muuzaji akanuna. Haimgeuzi mtu shingo barabarani. Shambani tunaendelea kwenda kwa pikipiki. Arusi ikipita na Mark X mbili mbele, baba huzitazama mpaka zipotee kwenye kona, nasi tunanyamaza, kwa sababu kutamani si dhambi na mtu huachiwa pumzi yake.

Binti yetu alimaliza chuo. Siku ya mahafali tulikwenda wote kwa Corolla ileile, viti vimebanana, sufuria la pilau magotini mwa bibi. Alipotuona tunaingia getini alikimbia kutulaki, akaupiga kofi mlango ule uliopauka, akacheka.

Basi, akina mama, msimu huu picha ikiletwa mezani, msiikunjie uso. Semeni ni zuri, maana ni zuri kweli. Kisha leteni daftari.

Tukutane mwezi ujao.