Mbegu ifike mbele ya mvua

Masisi, Rutshuru ao Kalehe, mkulima wa Kivu anajua kalenda yake bila kuiandika. Msimu A unaanza na mvua za mwezi wa tisa, na maharagi yanavunwa kuelekea mwisho wa mwaka ao mwezi wa kwanza. Msimu B unaanza mwezi wa pili ao wa tatu, mavuno ni mwezi wa sita. Kiangazi kikifika, wenye mabonde wanalima msimu C.

Vita haifuati kalenda hiyo. Familia iliyokimbia mwezi wa nane inapoteza msimu A wote, na ikirudi mwezi wa nne inakuta majirani wanapalilia. Inabakia kununua chakula sokoni hadi msimu mwingine.

Kuna wanaosema wakimbizi wa ndani wakipewa mbegu wanazikula. Ni kweli inatokea. Lakini mama aliye na kilo tano za maharagi na watoto wenye njaa atafanya nini? Maharagi yanaomba miezi mitatu hivi, na mtoto hawezi kungoja hata siku mbili. Kosa ni la kuleta mbegu bila unga, ao kuzileta mvua ikiwa imekwisha kupita. Mbegu na chakula cha kungojea mavuno vinapaswa kufika pamoja, na mapema.

Wenyeji nao wana sehemu yao. Nyuma ya nyumba nyingi kuna kipande kinachoota majani tu. Lengalenga inachumwa baada ya mwezi mmoja hivi. Matembele yanakatwa na kuota tena, huku viazi vitamu vikikomaa chini. Hata Goma, penye mawe ya volkano, watu wanapanda mboga ndani ya mifuko iliyojazwa udongo. Kipande kama hicho hakiwezi kulisha familia mwaka mzima, ila kinapunguza franka zinazotoka kila siku kwa kununua mboga.

Lakini mgeni akisafisha kichaka na kupanda, mwenye shamba asimfukuze wakati maharagi yanachanua. Mapatano yafanywe mbele ya shefu wa kijiji na majirani, ijulikane ni misimu mingapi na mavuno yatagawanywa namna gani. Yafanywe mwezi wa saba, shamba lingali tupu, kwani mvua ya mwezi wa tisa haitangoja watu wamalize kubishana.