Mgonjwa wa akili naye apate munganga wa pili

BAGIRA – Mtu wa hapa kwetu akivunjika mguu, munganga anaangalia picha ya mfupa. Akiugua akili, kitu cha kuangalia ni maneno na mwenendo wake. Na maneno ya mzee wa Bagira mara nyingi yanatoka kwa Mashi, ndugu aliyemsindikiza anayatia katika Kiswahili, kisha yanaandikwa kwa Kifaransa.

Tuchukue mama aliyefiwa, anayesema bazimu wanamuita usiku. Huenda ni ugonjwa. Huenda ni kilio tu. Wakikosea, atameza dawa miezi mingi, na nani atauliza? Mfasiri wake ni shemeji yake, pengine yule yule wanayegombania kiwanja.

Umoja wa Mataifa uliona jambo hili tangu 1991. Kanuni zake za Desemba 17 zinakataza kumtangaza mtu kuwa mgonjwa wa akili kwa sababu ya ugomvi wa jamaa au kutofuata imani za jirani zake, na zinataka mtu aliyelazwa bila kukubali achunguzwe upya na watu huru.

Bukavu tuna SOSAME ya Mafrere wa Charité, na tunashukuru. Ninachoomba kinahusu kila kituo kinacholaza: munganga kutoka nje, anayesikia Mashi au mwenye mfasiri asiye ndugu, akae na mgonjwa peke yake na aandike maoni yake. Watasema pesa hakuna. Basi vituo vibadilishane waganga, hata siku moja tu kwa mwezi.