Tazama tairi kabla ya kupanda

Wiki hii tuongee juu ya kitu tunachokipita kila siku bila kukitazama: tairi, au pneu tunavyosema huku kwetu. Wengi wanasema hayo ni mambo ya shofa na kwado. Lakini kwenye barabara ya taifa namba 5, kutoka Sange kwenda Uvira au kupitia Kamanyola hadi Bukavu, ni nani anayekaa juu ya magunia ya muhogo na mpunga? Ni sisi, na mtoto mgongoni. Anayelipa nauli ana haki ya kutazama.

Mifereji ya tairi si urembo. Mvua ikinyesha, maji yanapita humo na mpira unabaki umeshika barabara. Mifereji ikiisha, maji hayana pa kwenda. Gari linateleza, na shofa akikanyaga breki halisimami pale alipotaka. Wakati wa kiangazi tairi lenye kipara linaweza kutembea bila shida. Mvua ya kwanza ndiyo inayolifichua.

Utapimaje? Ingiza njiti ya kiberiti katika mfereji, weka alama kwa ukucha pale mpira unapoishia, kisha pima kwa rula ya mtoto wa shule. Katika nchi za Ulaya, sheria inakataza tairi la gari dogo kushuka chini ya milimita 1.6. Kwa mvua, afadhali zibaki milimita 3. Na ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira: vikilingana na uso wa tairi, limekwisha, hata kama pembeni bado kuna michoro.

Tazama pia ubavuni. Nyufa, uvimbe kama jipu, au nyuzi na waya zinazoonekana, hizo ni dalili za kubadilisha leo, si kesho. Tairi likichakaa katikati tu, lilijazwa upepo kupita kiasi. Likichakaa kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Upepo mdogo pamoja na mzigo mkubwa, katika joto la bonde letu la Ruzizi, vinachemsha tairi mpaka linapasuka.

Wanaonunua tairi lililokwisha kutumika wasome tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT. Ukikuta 3516, lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016. Watengenezaji wengi wanashauri lisipite miaka 10, hata likionekana zuri. Na lililochongwa mifereji upya kwa kisu, likatae: mpira wake umebaki mwembamba.

Sange tunajua kwamba gari likipinduka, jambo haliishii kwa waliopanda. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa kwetu, likawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Wengi wao hawakuwa wamepanda gari lolote. Hatusemi chanzo kilikuwa tairi. Tunasema kwamba barabara inapita mlangoni petu, na watoto wanaivuka wakienda shuleni. Breki zinazoshika ni kinga yao pia.

Kwa vikundi vyenye pikipiki ya pamoja: msingoje tairi lipasuke ndipo mchangishane. Katika pesa anazoleta motari, wekeni kidogo kila wiki katika bahasha yake, na mweka hazina aiandike peke yake daftarini. Kila mwezi wamama wawili wapime tairi zote mbili pamoja na motari, na zilizochoka zibadilishwe kabla mvua hazijaanza. Bei ya tairi tunaijua mapema. Bei ya mguu uliovunjika, pamoja na miezi bila soko, hatuijui.

Najua siku nyingine gari ni hilo moja na nyanya zinaoza. Basi omba mzigo upunguzwe, omba shofa aende polepole, na mvua ikianza, mwombe asimame mpaka ipungue. Siyo matusi. Sema kwa heshima: «Papa shofa, tairi hili limekwisha.» Kwa motari kijana: «Mwanangu, leo sipandi na mtoto.» Mama mmoja akisema, atachekwa. Wamama kumi wakisema kila siku ya soko, tairi litabadilishwa.