Kolwezi: gladiola za vilima vya shaba zihamishwe kabla ya katapila

Gladiola ndogo za bustani za Ulaya zina mama Mwafrika. Daraja la Victoria Falls, lililokamilika mwaka 1905, lilipokuwa likijengwa, mhandisi Francis Fox alifikisha Uingereza vitunguu vya gladiola ya manjano iliyomea katika mvuke wa maporomoko. Wakulima wa maua waliichanganya na gladiola kubwa, wakapata aina ndogo zenye shina jembamba. Reli iliyovuka daraja hilo ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikifuata shaba.

Vilima vya shaba vya Lualaba na Haut-Katanga navyo vina gladiola zao, kama Gladiolus ledoctei. Mpita njia huona nyasi tu. Mjiolojia huona kilima kisicho na miti, chenye maua ya pekee, akajua chini kuna madini. Basi maua yanayoonyesha mgodi ndiyo ya kwanza kufa ukifunguliwa.

Wengine watauliza: kama wakaaji wa Kolwezi wenyewe wanahamishwa kwa ajili ya migodi, nani alilie ua? Swali ni la haki. Lakini nyumba hujengwa upya. Mmea usiomea kwingine haurudi.

Huko Fungurume, watafiti wa Lubumbashi na Gembloux wameshajaribu kuhamisha mimea ya vilima. Hilo lisibaki hiari ya kampuni. Serikali ya jimbo iliweke katika masharti: vitunguu vichimbuliwe wakati wa kiangazi, mmea ukiwa umelala, ndipo katapila ipande. Jembe linatosha, na Kolwezi haikosi vijana wanaojua kuchimba.