Hatukwenda Kushangaa

Katika habari za ajali za barabarani kuna neno linaloniudhi: kushangaa. Basi limepinduka, wanakijiji wamejazana kushangaa. Lori limeanguka, wanakijiji wamejazana kushangaa, na kama lilibeba sukari au mafuta, wamejazana kuiba. Mimi naishi Segera. Nataka kuwauliza wanaoandika hivyo, na abiria wanaosimulia hivyo wakishafika Arusha: nani aliwatoa kwenye vyuma?

Segera ndipo njia zinapoachana. Ukitoka Chalinze, kilomita zipatazo 170, kulia unakwenda Tanga, kushoto Korogwe, Moshi na Arusha. Msafiri anatujua kwa choo, chipsi na machungwa, dakika kumi tu, kisha honi. Hajui kwamba nyuma ya vibanda kuna shule, mashamba ya mahindi, kikoba cha akina mama na msiba wa leo. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, dakika kumi hizo hazina tena saa ya kulala.

Gari likianguka usiku, hakuna anayefika kabla ya mwanakijiji. Silaumu polisi wala zimamoto. Ni suala la umbali tu. Mtu amelala, anasikia mshindo, anatoka na kandambili na taa ya simu. Mmoja anakata matawi na kuyatandaza barabarani, maana hiyo ndiyo alama yetu ya hatari. Mwingine anavunja kioo kwa jembe. Mlango unang'olewa, unageuka machela. Mama anavua kanga yake ya juu anamfunika mtu asiyemjua. Kanga hiyo hairudi, na sijawahi kuona mtu akija kuiulizia ilikuwa ya nani.

Usiku wa Januari 13, 2025, pale Chang'ombe, hapa hapa Segera, watu walitoka hivyo kuwasaidia waliopata ajali. Lori likaja likawaparamia. Wakafa watu 11. Rais alituma salamu za rambirambi, nchi ikasikitika, na baada ya siku chache magari yakawa yanapita pale kwa mwendo ule ule.

Nimewasikia watu wakiuliza: walifuata nini barabarani usiku? Huyo anayeuliza, gari lake likipinduka kesho, atapiga yowe "jamani, tusaidieni!" na hatamwomba mtu cheti kwanza.

Wizi upo, sikatai. Nimeona mkoba wa marehemu ukihama mkono. Najua pia yaliyotokea Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipowaka na kuua watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamefuata petroli. Lakini mwizi mmoja asitumike kuwafuta watu ishirini walioinama wanachomoa mguu wa mtu chini ya kiti.

Uingereza, ambako watu wanapenda kusifu utulivu wa vijiji, wapo wakazi wanaojitolea kumfikia mgonjwa kabla ya gari la wagonjwa. Huduma ya magari hayo huwafundisha, huwapa mkoba wa vifaa, na huwaita wakati ule ule inapotuma gari la wagonjwa. Vijiji vingine vilinunua kwa pauni 1 vile vibanda vyekundu vya simu vilivyoachwa, vikaweka ndani mashine ya kushtua moyo. Hawatuzidi huruma. Wametuzidi mkoba.

Basi tupeni mkoba. Reflekta kumi, koni, glovu, tochi kubwa mbili, na mafunzo ya siku mbili ya kumbeba aliyevunjika mgongo, maana kwa kweli tunabeba vibaya, kwa mikono na miguu kama gunia. Vikae ofisi ya kijiji, kila kijiji kilichopakana na lami kutoka Mkata hadi Mombo. Mkiuliza fedha, dereva anayepita kwenye makazi kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa akinaswa na tochi ya trafiki hulipa faini ya shilingi 30,000. Amekimbiza gari mbele ya milango yetu, kwa hiyo sehemu ya hela hiyo ibaki mlangoni hapo hapo. Trafiki ana tochi ya kupima mwendo. Sisi tunaomba ya kuonea tu.

Na anayemfikisha majeruhi hospitali asihojiwe kama mtuhumiwa. PF3 ni fomu ya majeruhi. Wapo wanaosita kubeba mtu kwa kuogopa maswali ya kaunta kuliko wanavyoogopa damu.

Wewe dereva, ukiona majani mabichi juu ya lami usiku, mbele yako kuna watu wameinama, hawana reflekta, na mmoja wao huenda amejifunga kanga nyeusi. Punguza mwendo pale pale kwenye tawi la kwanza.